Uji Usioonjwa

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati la vitenge, nikaambiwa kazi imekwisha. Mkuu wa kituo cha afya alisema maneno mazuri mbele ya watu, kwamba mimi ni mama wa wote, na muda wote aliokuwa akisema nilikuwa natazama viatu vyangu. Mimi ni mtu wa haya. Nikisifiwa naona haya, nikikosea naona haya mara mbili. Ninyi vijana mnaobaki mmeniomba niandike jinsi mtu anavyoanza kazi hii. Basi naandika, ila msitafute humu habari za kupanda cheo. Sikupanda, maana hakikuwepo cha kupanda.

Siku hizi mnaitwa doula na mna cheti chenye muhuri. Sisi tuliitwa wasindikizaji tu, na kazi ni ileile. Humzalishi mama, hiyo ni kazi ya sajefamu, mkunga. Wewe unakaa naye. Unamsugua mgongo, unamtembeza, unampa kinywaji, unamkumbusha kupumua, na unamzuia mama mkwe asigeuze chumba kuwa kanisa. Mtoto akishatoka watu wanakusahau, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilianzia Muyinga, Burundi, mwaka ule tuliorudi. Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, nikaolewa huko, nikafiwa na mume huko. Amani ilipotajwa mara nyingi hadi tukaiamini, tulivuka mpaka mimi, watoto wangu na kaka yangu Melkiori. Kaka alisema atatangulia Gitega kutafuta shamba la marehemu baba kwenye kilima kimoja cha Bugendana, maana kwetu kilima ndicho kijiji, nami nisubiri Muyinga mjini. Nikasubiri. Kirundi changu kilikuwa cha kuomba chumvi na kusali, basi. Nikifungua mdomo sokoni, watu walinijibu kwa Kiswahili na kuniita Mtanzania, nami uso uliniwaka, kwa sababu huko Tanzania nilikuwa nimeitwa Mrundi maisha yangu yote.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zainabu, mama wa Kiislamu wa pale mjini aliyeuza vitenge sokoni. Familia nyingi zilimwita mama anaposhikwa na uchungu, amsindikize hospitali na kukaa naye. Mimi nilimbebea mfuko. Siku ya kwanza niliongea. Nilimwambia yule mama pole, nikamwambia jikaze kisabuni dada, nikamwambia Mungu yupo, nikarudia tangu mwanzo. Mama wa watu, kijasho kinamtoka, akainua kichwa na kuuliza huyu redio ni nani. Bi Zainabu hakucheka. Alinivuta kando.

"Bon, we Konso. Kinywa yako iko na kazi mingi kuliko mikono. Leo iache ipumuzike."

Nilinyamaza mpaka mtoto akatoka, na hata baada ya hapo. Nilirudi nyumbani nimejikunyata, nikitamani nisionwe na mtu. Kesho yake Bi Zainabu alipita kunichukua kana kwamba hakuna lililotokea, akanitwika mfuko wake tena.

Mfuko wenyewe ulikuwa na vitu vichache. Vitenge viwili vya zamani, laini, vilivyofuliwa mpaka rangi ikakimbia. Kitenge kipya kinateleza, alisema, hakimshiki mama vizuri unapokipitisha chini ya tumbo na kuliinua kidogo ili mgongo upumue. Yeye aliishi kwa kuuza vitenge vipya lakini hapo alivikataza kabisa. Chupa ya maji ya moto ya kukanda kiuno. Mafuta kidogo ya mawese. Akanionyesha pa kukandamiza, chini kabisa ya uti wa mgongo, kwa kisigino cha kiganja, si kwa vidole, na usiondoe mkono uchungu ukiwa juu hata kama mkono wako unakufa ganzi. Halafu akanifundisha kutazama miguu. Kwetu mwanamke hulelewa asipige kelele anapozaa. Uso wake utaukuta umetulia kama yuko kwenye misa, na ukiuamini uso huo utadhani bado mapema. Vidole vya miguu havikulelewa na mtu. Vikijikunja na kubaki vimejikunja, muite sajefamu.

Jambo moja la Muyinga nililipita bila kulitazama. Bi Zainabu hakupika wala hakugusa chakula. Chai na uji vilitoka nyumbani kwa mama, kwenye thamosi yao, vikamiminwa na dada au mama yake. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni bahati yetu, kazi moja imepungua.

Kisha Melkiori akaniita Gitega. Shamba alikuwa amelipata, na juu yake aliikuta familia. Sikilizeni vizuri hapa, maana watu hupenda kusikia upande mmoja. Hawakuwa wezi. Utawala wa zamani uliwapa lile shamba baba alipokimbia. Walijenga, wakalima, wakazika watu wao humo. Wakubwa wa tume ya mashamba waliamua ligawanywe nusu kwa nusu. Kaka aliitikia mbele yao, akapeana mkono na mwenye nyumba ile, kijana aitwaye Nestori. Wiki haikuisha, akaingia nusu ya wenzake na panga akafyeka migomba, akisema mbegu ilikuwa ya baba.

Nililijua hilo Jumapili nilipomtembelea kutoka Gitega mjini, nilikokuwa nimepanga. Wifi aliniletea ndizi zilizopikwa na maharage. Nikasifu ndizi, nikauliza mmezitoa wapi, mbona migomba yenu bado midogo. Wifi akamtazama kaka. Kaka akatazama mlango. Nikarudisha tonge kwenye sahani.

"Kaka, watu wale watakula nini?" nilimuuliza.

"Sisi tulikula nini miaka yote?" akajibu. "Wewe endelea na akina mama wako."

Kwetu binti hana sehemu katika shamba la baba. Sikuwa na hata kipande ambacho ningesema nawarudishia hiki. Nilirudi mjini nimeinamisha kichwa, na tangu siku hiyo nikimwona mtu wa Bugendana sokoni nilikuwa nageukia kwenye nyanya, nazichagua bila kununua.

Wakati huo kujifungua kwenye vituo vya serikali kulikuwa kumefanywa bure, na akina mama walifurika. Kituo kimoja cha upande wa Bugendana kilikuwa na sajefamu mmoja wa zamu na vitanda vya kubanana. Wakatafuta wasindikizaji, nikachukuliwa kwa ajili ya mikono ya Bi Zainabu. Hapo tulipewa unga wa mtama na sukari, tuwapikie akina mama uji. Sajefamu, mwanamke mkali na msafi, aliweka sheria ya vikombe: kila mama na chake, kimechemshwa, na mdomo wa mtu mwingine usikiguse. Sheria ile niliipenda. Nilipika uji mzuri, nikachemsha vikombe, nikawapelekea akina mama kwa mikono miwili. Wengine walikunywa. Wengine walisema urakoze cane, asante sana, na kukiweka kikombe chini ya kitanda, nikakikuta pale kimeganda. Nilidhani ni kichefuchefu cha uchungu.

Asubuhi moja Goreth akaletwa. Mimba yake ya kwanza, amelazwa kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka inayobebwa mabegani na watu wa kilima. Nyuma yake alikuja mama mkwe wake, Bernadeta, mzee mwembamba aliyejifunga mkanda kiunoni kama mtu anayetoka kulima. Nikamuuliza Goreth jina la mume, nimwite kwa heshima. Akasema mke wa Nestori. Nikauliza wa kilima gani, na nilikuwa nimeshajua.

Natamani niseme nilijitambulisha. Sikujitambulisha, na sikuhitaji, maana Bernadeta alikuwa ananitazama toka kichwani hadi miguuni. Aliniamkia kwa Kiswahili. Mzee yule wa kilimani, mwenye Kirundi kitamu, aliwahi kuuza maharage mjini na alikijua Kiswahili cha soko, basi akakichagua hicho kwa ajili yangu, kana kwamba mimi ni mgeni aliyeteremka jana.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nilimtembeza Goreth uani, nikamkanda, nikampitishia kitenge. Alikubali mikono yangu, au alikuwa amechoka kuikataa. Hakutoa sauti. Nikampelekea uji. Bernadeta akaupokea yeye, akasema asante sana, akauweka ukutani. Saa zikaenda. Nikamletea wa pili, wa moto, wenye sukari nyingi kuliko tuliyoruhusiwa. Asante sana, ukaenda ukutani kando ya mwenzake. Jua likapinda, midomo ya Goreth ikapasuka kwa ukavu, na uchungu uliokuwa unakuja kwa nguvu ukaanza kulegea.

Sajefamu akampima, akatoka nje akiniita kwa kidole.

"Huyu nguvu zimemwisha. Amekunywa?"

"Nimempa uji mara mbili."

"Sikuuliza kama umempa. Iko amekunywa?"

Nikatikisa kichwa. Akasema atampa muda kidogo, mambo yasiposogea ataita ambulansi impeleke hospitali Gitega, na njia ile wakati wa mvua haikuwa njia ya kumpitisha mama aliyeishiwa. Alisema mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Nikarudi ndani, nikapiga magoti mbele ya Bernadeta.

"Mama, nakuomba. Kwa nini hanywi? Sajefamu anaogopa. Mimi pia naogopa."

Bernadeta alivitazama vile vikombe viwili ukutani. Halafu akasema taratibu, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Mi najua we iko mutoto ya nani. We iko dada ya Melkiori. Huku kwetu, mutu akikupa kikombe bila kuonja yeye kwanza, anakuambia kitu. We umemuambia mukwe yangu mara mbili."

"Nimemwambia nini?"

"Oya, hapana. Mi ni mutu muzima, mi siwezi sema neno hiyo mbele ya tumbo ya mutu."

Nikaelewa. Kwetu anayekaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakina sumu. Kila mtoto wa Burundi anajua. Mimi niliwahi kumwona marehemu mama yangu akifanya hivyo kule Tanzania, akipiga funda moja kabla ya kumpa mgeni, nami, mtoto wa shule, nilidhani ni uroho. Nilikuwa namwonea haya mbele ya wenzangu. Kumbe mwanamke aliyetoka nyumba iliyofyeka migomba ya watu alikuwa amemletea mke wa watu hao, akiwa na uchungu, kikombe kisichoonjwa. Akaletewa cha kwanza, akaletewa cha pili chenye sukari nyingi. Na wale wengine wote waliokiweka chini ya kitanda na kunishukuru! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale kwenye saruji.

Nilichukua kikombe cha kwanza, kimepoa na kutanda ngozi juu, nikanywa nusu. Nikachukua cha pili, nikanywa nusu. Sheria ya vikombe ilikwenda na maji. Bernadeta hakutikisika. Alinitazama, nami nikakaa nikitazamwa, na muda ule ulikuwa mrefu, kwa maana alikuwa anasubiri kuona kama nitaanguka. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilijikuta nasikiliza tumbo langu.

Mwishowe akachukua kikombe cha pili, akapiga funda lake, akamwinua Goreth kichwa. Goreth alikunywa kama ardhi ya kiangazi. Nikakimbia kupika mwingine, nikaonja nikiwa mlangoni, kila mtu aone, Goreth akaumaliza na huo. Uchungu ukarudi. Nilimkandamiza mgongo kwa visigino vya viganja mpaka mikono ikafa ganzi, na yeye kimya, macho yamefumbwa. Nikaona vidole vya miguu vimejikunja na haviachii. Nikamwita sajefamu. Jua halijazama bado, mtoto wa kike alikuwa analia kwa sauti ambayo mama yake alikuwa ameibana mchana kutwa.

Sajefamu alivikuta vikombe, akaniuliza nani amevigusa. Nikamweleza. Aliguna. Hakunisifu wala hakunifukuza, ila tangu hapo tukawa na desturi mliyoikuta ninyi: unaleta kikombe cha mama na kikombe chako kidogo, unajimiminia kutoka kile kile mbele ya macho yake, unakunywa, ndipo unampa. Msiirahisishe kazi kwa kunywea jikoni. Asichokiona hakimsaidii.

Nilidhani aibu ya siku ile imekwisha. Nikatoka nje kumpa Nestori hongera. Alikuwa amekaa chini karibu na ingobyi, shati limevutwa pembeni, na bega lake limevimba na kuchubuka. Nikamuuliza mbona hivyo. Kwa kawaida wanaume wanabadilishana, na bega la mtu mmoja haliwezi kufika hapo.

"Tulikuwa watatu," alisema, akitazama kando. "Kwenye mteremuko, mama akashika pembe ya nne."

Bernadeta. Ndiyo maana ya ule mkanda kiunoni. Kila nyumba ya kilima ina zamu yake ya kubeba mgonjwa au mzazi, na nyumba inayokwepa zamu haina uso mbele ya majirani. Wazee, wale waliokula chumvi nyingi, hawakumbuki mwanamke kuwahi kubeba. Sikutaka kuuliza zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya nani. Nestori hakutaka kuniambia. Akavuta shati kufunika bega, nikajua kwamba walikwenda mlangoni kwa kaka yangu wakamwita, na hakutoka.

Miaka iliyofuata mmesikia habari zake, wengine mmeifanya pamoja nami, siiandiki. Nusu ya shamba ilibaki nusu, na migomba Nestori aliipanda upya mwenyewe. Nataka kumalizia na siku Goreth aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu mliniuliza mtu anaanza vipi, na mimi nadhani nilianza siku ile.

Wanaume watatu walikuja na Nestori kubeba. Walikuwa wanatosha. Niliwaambia mmoja apumzike.

"Nyumba yetu ina zamu," nikasema. "Nitaibeba mimi."

Walicheka, kisha wakaona sicheki. Nestori alimtazama mama yake. Bernadeta akasema kwa Kirundi, na ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha kwa Kirundi, nikunje kitenge nikiweke begani, la sivyo mti utanichubua ngozi. Nikakunja. Tukapanda.

Nilikuwa na haya kila hatua. Wanawake walisimama mashambani na majembe yao wakanitazama. Watoto walitufuata. Jasho liliniingia machoni na mgongo ulilia, na Goreth juu yetu, mtoto kifuani, uso wa mtoto wazi apate hewa. Njia ya kwenda kwao inapita uani kwa kaka yangu, hakuna nyingine. Alikuwa amekaa nje na wageni. Aliniona, akasimama, kiti kikaanguka.

"Konso! Mwanamke kubeba ingobyi! Unatuaibisha mbele ya kilima kizima!"

"Nabeba zamu yetu, kaka," nikasema, na pumzi ilikuwa imenikatika.

Hatukusimama. Alitufuata mbio, akanisukuma bega, akaingia yeye chini ya mti. Hakuna aliyemwamkia wala aliyemkataza. Nikatembea nyuma yao, na Goreth, alipoisikia sauti ya kaka yangu karibu na kichwa chake, alivuta kitenge akamfunika mtoto uso. Melkiori aliona. Alibeba mpaka mlangoni kwao akitazama chini, na kitenge kile hakikufunuliwa mpaka alipokwisha kuondoka.